Bomba la Dohani ya Bibi Ermelinda

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Delfina alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha: kuwasha moto sebuleni. Alikwangua jivu la jana kwenye meko ya matofali, akapanga vijiti vya mizabibu, juu yake akaweka vipande viwili vya mwaloni, kisha akapiga magoti na kupuliza. Moshi ulianza kwa kuenea sebuleni, kama ulivyozoea, ndipo ukakumbuka njia ya kupanda dohani.

"Umeamka, mjukuu wangu?" Bibi Ermelinda aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Nimeamka, Bibi. Nawasha moto."

"Najua. Moshi umeshanifika puani."

Baada ya hapo kikohozi kilianza. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kumfanya bibi akae kitandani na kushikilia ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Delfina aliacha moto, akampelekea maji ya uvuguvugu yenye asali, akakaa naye mpaka kifua kitulie. Mara nyingi alifika kituo cha basi la shule akikimbia.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, katika kijiji cha Vale de Freixos, kwenye milima ya kaskazini mwa Ureno. Marehemu babu ndiye aliyejenga meko yale kwa mikono yake, na watu walikuwa wakisema ndiyo meko mazuri kuliko yote kijijini. Yalikuwa mazuri kweli kwa kuyatazama. Lakini joto lake karibu lote lilipanda juu na kupotea, na moshi wake ulibaki ndani na watu.

Mwanzoni mwa Oktoba daktari wa mjini alisikiliza kifua cha bibi kwa muda mrefu. Alipomaliza alimgeukia Graciete, mama yake Delfina.

"Mapafu haya hayawezi kuvumilia msimu mwingine wa moshi," alisema. "Apate joto, lakini moshi asiuone."

Jioni ile Mjomba Norberto alipiga simu kutoka Ufaransa, alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi kwa miaka mingi.

"Mama aje huku," alisema. "Nina chumba, na kuna joto la mabomba mchana na usiku. Nitakuja kumchukua kwa gari."

Bibi Ermelinda alimnyang'anya Graciete simu.

"Nije huko nikae ghorofa ya sita, niongee na lifti?" alisema. "Kuku wangu atawalisha nani? Na kaburi la baba yako atalifagia nani, wewe?"

Waligombana kwa upendo karibu nusu saa. Mwishowe walikubaliana hivi: Norberto angenunua jiko la chuma lenye mlango wa kioo, lile ambalo mafundi hulichomeka ndani ya meko ya zamani. Moto ungewaka ukiwa umefungiwa ndani yake, joto lingeingia sebuleni, na moshi ungepanda kwa bomba lake lenyewe mpaka juu ya paa. Kama nyumba ingekuwa na joto bila moshi kabla ya Desemba, bibi angebaki. Kama sivyo, Norberto angekuja na gari.

"Na ukija na gari," bibi alimaliza, "njoo na kamba pia, maana itabidi unifunge."

Delfina alicheka, lakini usiku alilia chini ya blanketi. Hakuwahi kuishi hata siku moja bila bibi yake.

* * *

Jiko lilifika Jumatano katikati ya Novemba, zito kiasi kwamba wanaume wanne walilishusha kwenye lori wakitukanana. Pamoja nalo kulikuwa na bomba. Lilikuwa bomba la chuma kisichoshika kutu, la bati jembamba, lenye mikunjo mingi kama koo la kuku, linaloweza kupindwa bila kuvunjika. Lilikuwa limeviringishwa kama kamba kubwa. Waliliweka ghalani, juu ya magunia matupu.

"Fundi Adérito atakuja Jumamosi," mama alimwambia Delfina. "Amenionya kwa simu mara mbili. Bomba hili lisikanyagwe, lisilaliwe, lisivutwe. Linaonekana gumu lakini ni laini kama karatasi ya chokoleti. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na alikuwa amesikia. Ila Ijumaa alasiri, bibi akiwa kwa jirani na mama akiwa kazini kwenye kiwanda cha kuchambua njugu za kastanya, Delfina alikuwa uani akipiga mpira ukutani. Alikuwa kiungo wa timu ya wasichana ya shule, na Jumatatu walikuwa na mechi. Mpira mmoja ulimponyoka, ukapita kwenye mlango wa ghala, ukaruka na kutua juu ya dari ya mbao, pale ambapo mama alikuwa akianika vitunguu.

Ngazi ilikuwa nyuma ya nyumba. Kuifuata kungemchukua dakika mbili. Bomba lilikuwa hapo hapo chini ya dari, limekaa kama kigoda.

Mguu mmoja tu, alijiambia. Akakanyaga, akanyoosha mkono, akaugusa mpira kwa ncha za vidole. Ulisogea. Akajinyanyua kidogo zaidi, na hapo kisigino chake kikazama. Kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayefungua kopo la dagaa.

Delfina alishuka. Katikati ya bomba, kwenye mshono, palikuwa pamebonyea, na ndani ya bonde lile kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole chake kidogo. Alijaribu kuubana kwa vidole. Ulifumba, alipoachia ukafumbuka. Alijaribu tena na tena, mpaka bati likamkata kidole gumba.

Akanyonya damu, akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akaliviringa bomba upande wa pili, ule ufa ukageukia ndani, akalifunika kwa gunia. Mpira aliuacha huko huko juu.

"Umefanya nini kidoleni?" mama aliuliza wakati wa chakula.

"Nilikuwa namenya viazi."

"Viazi hivi nimemenya mimi."

"Vya kuku," alisema Delfina, na mama, aliyekuwa amechoka, hakuuliza tena.

* * *

Jumamosi saa mbili asubuhi gari dogo la mizigo liliingia uani, na ngazi mbili zikiwa zimefungwa juu yake. Alishuka kwanza mwanamke mfupi mnene aliyevaa suruali ya kazi, akafuatiwa na mwanamume mrefu anayechechemea.

"Mimi ni Idalina," alisema yule mwanamke, "na huyu ni mume wangu, Adérito. Yeye ni fundi wa chini, mimi ni fundi wa juu."

"Nilianguka kutoka paani miaka tisa iliyopita," Adérito alieleza akipapasa goti lake. "Tangu siku hiyo mke wangu hataki nipande hata kwenye kiti."

"Kitandani namruhusu," alisema Idalina, na Bibi Ermelinda alicheka mpaka akakohoa.

Walianza kwa kuisafisha dohani. Idalina alipanda paani na brashi ndefu, Adérito akafunika mdomo wa meko kwa turubai, na kwa saa nzima ikasikika sauti ya kukwangua ndani ya ukuta. Turubai lilipoondolewa, kulikuwa na ndoo tatu za masizi, na ndani yake vipande vyeusi vinavyong'aa kama lami iliyokauka.

"Mnaona hivi?" Adérito alikishika kimoja. "Huu ni moshi ulioganda. Siku ukishika moto, dohani nzima inawaka. Mmelala karibu na baruti kwa miaka thelathini."

Kisha aliingiza taa ndani ya dohani, akatazama juu kwa muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa mweusi na macho yamekuwa na wasiwasi.

"Kule juu, nyuma ya ukuta huu, kuna nini?"

"Chumba changu cha ghorofani," alisema bibi. "Kichwa cha kitanda kiko hapo hapo. Ndiyo sehemu yenye joto."

"Basi sikilizeni. Udongo kati ya matofali umeliwa. Kuna nyufa zinazopenya mpaka upande wa chumbani. Ndiyo maana unaamka na moshi puani. Lakini tukishapitisha bomba, moshi hautagusa tena matofali. Bomba ndilo litakuwa dohani yenyewe."

Delfina, aliyekuwa ameshika ndoo ya masizi, aligeuka kutazama mlango wa ghala.

Walilitoa bomba ghalani na kulinyoosha uani, mita nane, juu ya mablanketi ya zamani. Adérito alichungulia ncha moja, akachungulia ncha ya pili. Mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya mlima, na Idalina alikuwa akimhimiza kwa sababu hakutaka kupanda paa lenye maji.

"Kuna mtu yeyote aliyelikanyaga?" Adérito aliuliza. "Mtoto, wewe ndiye unayeshinda hapa. Limeguswa?"

"Hapana," alisema Delfina. "Hakuna aliyeligusa."

Maneno yalitoka haraka, laini kabisa, kana kwamba yalikuwa yanangoja mlangoni.

Kazi iliyofuata ilikuwa kulivika bomba sufi nene ya madini isiyoungua, ya kukinga joto, na kuifunga kwa waya. Adérito alianzia ncha ya juu. Delfina aliona alipokuwa akielekea, akaona na pale mahali penye bonde, akasogea mbele.

"Naweza kusaidia? Nitafunga hapa katikati."

"Vaa glavu," alisema Adérito.

Akavaa. Akaizungusha sufi juu ya ufa, mara moja, mara mbili, akaikaza kwa waya kwa mikono yake mwenyewe mpaka pasionekane kitu. Adérito alipofika aliibonyeza kazi yake kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Idalina! Njoo uone. Mtoto ana mikono ya fundi. Miaka sita ijayo nitakufukuza kazi, nimwajiri huyu."

"Na chakula atakupikia yeye?" Idalina alijibu kutoka kwenye ngazi.

Watu wote walicheka. Delfina alivua glavu, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama pale peke yake mpaka masikio yaliyowaka kwa aibu yalipopoa.

* * *

Bomba liliteremshwa kutoka juu. Idalina alilishusha taratibu kupitia mdomo wa dohani, na Adérito, akiwa amelala chali ndani ya meko, alilivuta kwa kamba.

"Shusha! Shusha! Ngoja! Limekwama kwenye kona."

"Vuta basi!"

"Shikilia vizuri, mwanamke!"

"Nimeshikilia tangu siku ya harusi. Anayeteleza ni wewe!"

Lilikwama mara mbili, na mara mbili Adérito alilivuta kwa nguvu zake zote. Kila alipovuta, Delfina alifumba macho.

Kufikia saa kumi kila kitu kilikuwa mahali pake. Jiko lilikuwa limesukumwa ndani ya meko juu ya vipande vya mabomba vilivyobingirika kama magurudumu, mama na Idalina wakisukuma huku na Adérito akiongoza kwa pimamaji. Bomba lilikuwa limeunganishwa kwenye shingo ya jiko na kukazwa kwa skrubu. Nafasi iliyobaki kuzunguka bomba ilizibwa kwa bamba la chuma. Juu ya paa Idalina alikuwa ameweka kofia ya kuzuia mvua, na mvua yenyewe ilianza alipoweka mguu chini.

"Sasa moto wa kwanza," alisema Adérito. "Mdogo tu, ili rangi ya jiko ikomae. Itatoa harufu kidogo, msiogope. Harufu si tatizo. Kinachotisha ni ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu anapata usingizi mzuri tu, na haamki. Hiyo yote itapanda kwa bomba. Kesho nitawaletea kengele ya kuitambua, tuifunge ukutani chumbani kwa bibi."

Bibi Ermelinda alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amewaandalia mafundi kastanya za kuchoma na mkate, na alikuwa akitazama kioo cha jiko kama mtu anayetazama mtoto mchanga. Alitoa kiberiti mfukoni.

"Mungu awabariki nyote," alisema. "Na Norberto wangu huko aliko. Lakini moto huu atauwasha Delfina. Ndiye aliyeniwashia moto tangu ana miaka saba, na kuniletea maji ya asali. Shika, mjukuu wangu. Usiku wa leo nitalala kwenye joto, bila kukohoa."

Delfina alichukua kiberiti. Alipiga magoti. Vijiti vilikuwa vimeshapangwa. Alitoa njiti moja, akaishika karibu na ubavu wa kiberiti.

Mkono ulikataa.

"Washa basi, kastanya zinapoa," alisema mama.

"Siwezi."

"Njiti zimelowa?"

"Bomba limepasuka," alisema Delfina. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi arudie. "Bomba limepasuka, katikati. Nililikanyaga jana nikichukua mpira. Nikaficha. Na leo nikafunika kwa sufi. Msiwashe. Bibi asilale pale."

Mvua ilisikika kwenye kofia mpya ya dohani.

Mama ndiye aliyelipuka kwanza. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi? Na fundi akakuuliza, mbele yetu sote, ukamtazama machoni..."

"Graciete," alisema bibi.

"Mama, usimtetee!"

"Simtetei. Nasema ngoja."

Adérito alikuwa amekaa juu ya boksi lake la vifaa. Alifuta uso kwa kitambaa, lakini kitambaa kilikuwa cheusi kuliko uso.

"Umesema katikati," alimwambia Delfina. "Kuna mita ngapi kutoka chini?"

"Tatu. Labda tatu na nusu."

Alitazama ukuta, akapima kwa macho, akageuka kumtazama Idalina. Idalina hakuwa na mzaha tena. Alichukua koti lake la mvua kwenye msumari.

"Shikilia ngazi," alimwambia mumewe. "Tunalitoa."

* * *

Ilikuwa kazi mbaya kuliko ile ya kulishusha. Walifungua bamba, wakalirudisha jiko nyuma, wakafungua skrubu, na Idalina akalivuta bomba kutoka juu huku maji yakimwingia shingoni. Adérito alishikilia ngazi moja, na mama ile ya pili. Delfina alisimama uani kwenye mvua, na hakuna aliyemwambia aingie ndani.

Walipolilaza uani na kuikata sufi, Adérito alimwita.

"Njoo. Ufa wako ulikuwa na urefu gani?"

Delfina alinyoosha kidole kidogo.

"Tazama sasa."

Pale palipokwama kwenye kona, kuvutwa kwa nguvu kulikuwa kumeufungua mshono. Ufa ulikuwa na urefu wa kiganja kizima cha mtu mzima, na ulikuwa wazi kama mdomo. Adérito aliweka bomba sambamba na ukuta wa nyumba, akahesabu mita kutoka chini, akalinyooshea kidole jiwe moja la juu.

"Ufa ungekaa pale," alisema. "Nyuma ya ukuta ule, pale pale, kuna mto wa bibi yako."

Delfina alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo. Adérito alimwacha alie. Kisha alichuchumaa, akikunja goti lake bovu kwa shida, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Sikiliza, binti. Umeniongopea, na umeniongopea vibaya. Lakini mimi pia nina langu. Fundi haulizi mtu kama bomba ni zima. Fundi anakagua. Niliogopa mvua, nikachungulia ncha mbili, nikajidanganya nimekagua. Kama usingesema, kesho ningeletwa hapa kwa sababu nyingine, na nisingekuwa na la kujitetea. Kwa hiyo nakuambia asante. Sijui kama unaelewa ni asante kubwa kiasi gani."

"Lakini sasa Bibi ataenda Ufaransa."

"Leo ni tarehe kumi na tano. Bomba jipya linaweza kufika Jumatano. Alhamisi ukitoka shule, nakutaka hapa uani na glavu zako. Utalikagua lote, kila mkunjo, kwa vidole na kwa macho. Utaniambia unachokiona. Mimi nitakagua baada yako. Na bomba hili bovu ni juu yangu, mama yako asihangaike nalo."

Jioni ile bibi alienda kulala kwa jirani yao, mjane aliyekuwa na hita ya umeme na chumba cha ziada. Jirani alikuja mwenyewe kumchukua kwa mwavuli, akasema amekuwa akitafuta mtu wa kucheza naye karata tangu mwaka juzi. Delfina alibeba mto. Njia nzima bibi alimshika mkono.

Siku nne zilizofuata nyumba ilikuwa baridi kama kisima. Delfina na mama walilala wamevaa soksi na kofia. Kila alasiri, akitoka shule, Delfina alichagua kuni: mbichi upande huu, kavu upande ule. Adérito alikuwa amemfundisha kuzigonganisha na kusikiliza. Zilizokauka hulia kwa ukali, mbichi hutoa sauti nzito. Alijaza kona nzima ya ghala. Mama alikuwa bado na hasira, ya kimya, ya kuweka sahani mezani kwa nguvu. Jumanne usiku alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha Delfina.

"Jumapili sikulala," alisema. "Nilikuwa nafikiria jinsi nilivyokuuliza juu ya kidole, ukaniambia viazi, nami nikaona, nikaacha kwa sababu nilichoka. Siku nyingine sitaacha. Na wewe siku nyingine usiningoje niulize."

"Ndiyo, Mama."

"Sogea huko. Miguu yangu imeganda."

Wakalala kitanda kimoja.

* * *

Alhamisi kulikuwa na jua. Bomba jipya lilinyooshwa uani, na Delfina alilipitia mkunjo kwa mkunjo, akitambaa kwa magoti, kutoka ncha hadi ncha. Ilimchukua karibu saa nzima. Aliona mkwaruzo mmoja karibu na mwisho, akaita. Adérito alivaa miwani, akauangalia, akaupitishia ukucha.

"Huu ni wa juu juu, haujapenya. Lakini umefanya vizuri kuniita. Ningekuwa na watu kumi kama wewe ningelala usingizi."

"Kumi tena?" alisema Idalina akipanda ngazi. "Juzi ulitaka mmoja tu."

Safari hii halikukwama, kwa sababu Adérito, kwa patasi ndefu kutoka chini, alikuwa amelichonga jiwe lililojitokeza kwenye kona ya dohani. Saa kumi na moja jioni jiko lilikuwa mahali pake, na kengele ya hewa ya sumu ilikuwa imefungwa juu ya kitanda cha bibi, ikiwa na taa yake ndogo ya kijani. Adérito aliwasha gazeti moja tu kwanza, wakatoka wote nje kutazama. Moshi ulipanda kutoka kwenye kofia ya dohani, mwembamba, mnyoofu. Ndani hakukuwa na harufu ya kitu.

Delfina aliwasha moto wenyewe. Mwanzoni kioo kilifanya ukungu, kisha kikatakata, na nyuma yake mwaloni ukashika moto polepole. Joto lilianza kutoka. Halikuwa joto la kuchoma magoti huku mgongo ukiganda. Lilijaa sebuleni, likafika mpaka kwenye kabati la vyombo, mpaka mlangoni.

Bibi Ermelinda alikaa kwenye kiti chake. Alivua shali. Baada ya muda akavua na sweta.

"Jamani," alisema, "sijawahi kuvua sweta mwezi wa Novemba tangu nilipoolewa."

Wakala kastanya, mkate na jibini, na Idalina akasimulia jinsi alivyomkuta bundi amelala ndani ya dohani ya padri. Bibi alicheka kwa nguvu. Delfina alikuwa akimtazama kifua, akingoja kikohozi. Hakikuja. Mama alipigiwa simu na Norberto, akaenda nayo mpaka mbele ya jiko, akaigeuza ili aone moto, kisha ili amwone mama yake bila sweta.

"Kamba usinunue," bibi alimwambia. "Lakini Krismasi njoo, uote moto wako. Asante, mwanangu. Asante sana."

Mafundi walipoondoka, bibi aliwaaga mlangoni, akawafungia mayai ishirini kwenye kikapu, na hawakuweza kukataa. Kisha alirudi kwenye kiti na kumwita Delfina akae kwenye mkeka, miguuni pake.

"Siku zile kwa jirani nimefikiri sana," alisema. "Nimefikiri ilikuwaje mpaka ukaweza kusema. Kazi ilikuwa imekwisha, watu wamechoka, mimi nimevaa gauni la kanisani. Ilikuwa rahisi kunyamaza."

"Niliogopa, Bibi. Niliogopa toka Ijumaa."

"Uliogopa kugombezwa, ukaficha. Halafu ukaogopa nife, ukasema. Hofu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ndiyo iliyotuokoa. Sasa nisikilize, maana sitarudia. Watu wataharibu vitu maadamu wana mikono na miguu. Babu yako alivunja dirisha la kanisa, mimi nimeunguza nguo za harusi za watu. Kitu kilichoharibika kinatengenezwa, kama fundi anajua kimeharibika wapi. Kilichofichwa hakuna wa kukitengeneza. Kinakaa ndani ya ukuta, kinangoja watu walale. Kwa hiyo ukiharibu, sema. Sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama mama yako atapiga kelele. Sisi tutakasirika, halafu tutaleta ngazi."

"Nitasema, Bibi."

"Najua utasema." Aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake. "Na mimi nakushukuru. Wengi wamenipa vitu maishani, na wote nawashukuru. Wewe umenipa asubuhi ya kesho."

Aliegemea kiti, akafumba macho. Mama alikuja na blanketi akitaka kumfunika, akagusa mkono wake, akaukuta una joto la kutosha. Akalikunja blanketi na kulirudisha kabatini.